Gari Kuukuu na Gesi Mpya

Katika magari yaliyoundwa kabla ya miaka ya tisini, ambayo hata leo wenyewe huyatunza kwa mapenzi zaidi kuliko kwa haja, kama vile Mercedes za aina ya W123 zilizotengenezwa baina ya mwaka 1976 na 1986, au Peugeot 504, au Land Cruiser za zamani, yale yaliyobahatika kuwa na kiyoyozi yalipewa kiyoyozi kilichokadiriwa, tangu kompresa yake hadi mpira wake mdogo kabisa, kwa gesi ambayo viwanda vya dunia vimekwisha kukatazwa kuitengeneza. Gesi hiyo huitwa R-12. Mwenye gari la namna hiyo, siku kiyoyozi kinapoanza kupuliza hewa ya uvuguvugu, hujikuta mbele ya njia tatu: astahimili harara ya pwani kwa kuteremsha vioo, au asake mtungi wa R-12 uliosalia katika ghala la mtu na kuulipia bei isiyosemeka, au akigeuze kiyoyozi chake kitumie gesi iliyochukua nafasi ya ile ya kwanza, yaani R-134a, ambayo mafundi wa kiyoyozi wa mijini wanayo siku zote. Njia ya tatu ndiyo ninayoipendelea, lakini kwa sharti ambalo wengi hawalipendi kwa sababu lina gharama, kwamba ifuatwe yote au iachwe yote. Kwani anayebadili gesi peke yake, akakiacha kila kinachoguswa na gesi hiyo kama kilivyokuwa, hakubadili kitu ila tarehe ya kufa kwa kompresa yake.

Ili sharti hilo lifahamike, yafaa kwanza kueleza baridi ya kiyoyozi hutoka wapi. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungi wa udongo anaijua kanuni yenyewe ijapokuwa hajapata kuisoma: maji yanayopenya katika udongo wa mtungi hugeuka mvuke, na kila kinachogeuka mvuke huchukua joto la mahali kinapotoka, ndipo maji yaliyobaki ndani yakapoa. Kiyoyozi hufanya kazi hiyo hiyo, ila badala ya kuuachilia mvuke upotee, huukamata na kuurudisha kuwa majimaji ili uvukizwe tena na tena. Nyuma ya dashibodi mna evapareta, ambamo gesi iliyo katika hali ya majimaji huchemka ingali baridi na kunyonya joto la hewa iliyomo garini. Mvuke unaotoka humo huvutwa na kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, ukagandamizwa mpaka ukawa mkali na wa moto. Kisha hupelekwa katika kondensa, iliyosimama mbele ya rejeta, ambako upepo wa njiani huuondolea joto ukawa majimaji mara ya pili. Majimaji hayo hupita katika draya yakakaushwa unyevu na kuchujwa taka, yakafika kwenye valvu ya ekspansheni, yenye tundu jembamba ambalo upande wake wa pili shinikizo huanguka ghafula, na safari ikaanza upya. Maji yanayodondoka chini ya gari lililoegeshwa, ambayo huwatia hofu wenye magari wasioyazoea, si gesi wala si maji ya rejeta, bali ni unyevu wa hewa uliogeuka matone kwenye evapareta, na katika mji kama Mombasa si haba.

Pamoja na gesi huzunguka kitu cha pili kisichotajwa sana, nacho ni oili. Kompresa nyingi za magari hazina wa kuzipelekea oili ila gesi yenyewe, ambayo huibeba ikaizungusha katika mabomba yote na kuirudisha ilikotoka. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, kwa sababu karibu kila kiyoyozi kilichoharibiwa na mageuzi ya haraka haraka kiliharibikia hapo.

R-12 ilizaliwa kwa nia njema. Majokofu ya kwanza ya nyumbani yalitumia amonia, salfa dioksidi na methili kloridi, vitu ambavyo vikivuja usiku viliweza kuwaua waliolala, na mwaka 1928 Thomas Midgley, Mmarekani aliyefanya kazi kwa General Motors, akitafuta pamoja na wenzake gesi isiyo na sumu wala kushika moto, akaipata katika jamaa ya kemikali zenye klorini na florini. Mwezi wa Aprili 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia mjini Atlanta, aliivuta gesi hiyo kifuani kisha akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika na yeye akabaki mzima, na hoja zake mbili zikathibitika kwa pumzi moja. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa amekwisha kuigundua petroli iliyotiwa risasi, mwaka 1921, na ni shida kumpata mja mwingine aliyeitia hewa ya dunia madhara mawili makubwa kiasi hicho akiwa na nia ya kusaidia tu. Kampuni ya Packard ilipoanza kuuza magari yenye kiyoyozi, mwishoni mwa mwaka 1939, ilitia gesi hiyo hiyo. Mtambo wake ulichukua sehemu kubwa ya buti, na kwa kuwa kompresa haikuwa na klachi, aliyetaka kuusimamisha ilimlazimu azime injini, afungue boneti, na kuuvua mkanda kwa mikono yake.

Kasoro ya R-12 ilikuwa ni ile sifa yake yenyewe, kwamba haina kinachoidhuru. Kitu kisichoungua, kisichooza, na kisichoshikana na kingine hapa chini, hupanda taratibu hadi juu sana angani, na huko miale mikali ya jua hukivunja, klorini yake ikafunguka na kuila ozoni, ambayo ndiyo sitara yetu dhidi ya miale hiyo. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza jambo hilo mwaka 1974 na viwanda vikawapinga. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza jinsi ozoni ilivyokuwa ikipungua juu ya Antaktika kwa kiasi cha kutisha. Na tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yakatia sahihi Mapatano ya Montreal. Mapatano hayo yana ukaribu na Afrika ya Mashariki kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lililoyasimamia chini ya Mostafa Tolba wa Misri, makao yake ni Nairobi, na hata leo sekretarieti ya ozoni iko huko. Kenya iliyaridhia mwaka 1988 na Tanzania mwaka 1993. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 ilipofika mwaka 1996, nasi tukapewa muhula hadi tarehe 1 Januari 2010. Watengenezaji wa magari hawakungoja muhula wa mtu: baina ya mwaka 1992 na 1994 wengi wao walikuwa wamekwisha kuhamia R-134a, isiyo na chembe ya klorini.

Gesi hizi mbili zinakaribiana mno kwa tabia, na ukaribu huo ndio unaowapoteza watu. R-12 huchemka katika nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, na R-134a katika nyuzi 26. Na zikiwa zimefungiwa katika mitungi miwili mahali penye nyuzi 17 hivi za sentigredi, shinikizo lao, ambalo mafundi huliita presha, huwa sawa sawa. Joto likishuka chini ya hapo R-134a huwa dhaifu kidogo kuliko mwenzake. Likipanda juu ya hapo huwa kali zaidi, na tofauti huzidi kadiri joto linavyozidi. Katika nyuzi 60, kiwango ambacho kondensa hukifikia bila taabu gari likisimama katika foleni ya Ubungo saa nane za mchana mwezi wa Februari, R-12 hushinikiza kwa baa 15 na kitu, na R-134a kwa karibu baa 17. Ndiyo maana mtu aweza kuligeuza gari lake Arusha mwezi wa Julai, likapoza vizuri, akamsifu fundi, kisha akateremka nalo Tanga wakati wa kaskazi akailaani kazi ile ile.

Kabla ya yote, kiyoyozi cha R-12 ambacho bado kinapoza hakifai kuguswa. Kukigeuza kitu kizima kwa kuhofia kwamba kitakuja kuharibika ni kuukaribisha uharibifu, na tena gesi iliyofungiwa ndani ya mabomba yasiyovuja haimdhuru mtu wala mbingu. Mageuzi yana wakati wake, na wakati huo ni siku gesi imekwisha kutoka, au kompresa imekwama, au bomba limetoboka, yaani siku ambayo kwa vyovyote mtambo ungefunguliwa. Na ikiwa siku hiyo mna masalio ya R-12 ndani yake, gereji yenye mashine ya kunyonya gesi huyahamishia katika mtungi; kuyafungulia yapae, kama wafanyavyo wengi kwa kuwa hakuna anayewaona, ni dhuluma ambayo haina hata faida kwa anayeitenda.

Nilipata kumtazama fundi mmoja huko Gerezani, Dar es Salaam, akiifanya kazi hii katika W123 ya mzee mmoja mstaafu, aliyeketi pembeni juu ya tairi, gazeti mkononi, akionekana dhahiri kutamani mambo yaishe upesi.

“Fundi, si ungenijazia tu hiyo gesi mpya nikaenda zangu?”

“Kujaza naweza, mzee wangu, tena si kazi. Lakini utanirudia, na ukirudi utakuja kununua kompresa.”

Mzee akalifunua gazeti lake, na fundi akaifungua kompresa, akaiinamisha juu ya chupa ya plastiki ya maji aliyoikata shingo. Oili ikatoka polepole, ya hudhurungi iliyokoza, kidogo kuliko ilivyopaswa. Akachovya kidole, akakisugulia kwenye kidole gumba, akakipeleka juani akikigeuza huku na huku. Alikuwa akitafuta mng’aro wa alumini. Punje za chuma zikionekana ndani ya oili, maana yake kompresa imeanza kujila, na punje hizo zimekwisha kusafiri hadi katika njia nyembamba za kondensa ambamo hakuna dawa ya kuoshea izitoayo zote. Hapo haizungumzwi tena habari ya kugeuza, ni kununua kompresa, kondensa na draya kwa pamoja. Safari hii mng’aro haukuwapo. Kisha akaanza kuvifungua viungo vya mabomba kimoja kimoja, na katika kila kiungo akatoa oringi nyeusi, iliyokuwa duara ikawa bapa, ngumu, ambayo alipoibana kwa ukucha ilikatika. Zilizoingia mahali pake zilikuwa za kijani, za mpira ulioundwa kustahimili gesi mpya na oili yake, kila moja ikipakwa oili kidogo kabla ya kukazwa. Rangi yenyewe si dhamana, maana hakuna kinachomzuia mwenye hila kuutia rangi ya kijani mpira wowote. Dhamana ni duka unalolijua.

Sasa turudi kwenye oili, ambayo ndiyo kiini cha shauri lote. Oili ya kompresa za R-12 ilitokana na mafuta ghafi, nayo ilipatana vyema na gesi yake, ikayeyuka ndani yake na kusafiri nayo kila mahali. R-134a haipatani nayo hata kidogo. Ukiitia gesi mpya juu ya oili ya zamani, gesi itazunguka, baridi itapatikana, na mwenye gari ataondoka akishangilia rahisi, lakini oili itabaki imetuama chini ya evapareta na katika vipindo vya mabomba, kompresa ikizunguka kavu. Tena R-12 ilikuwa na hisani nyingine isiyoonekana, kwamba klorini yake ilifanya utando mwembamba juu ya vyuma vinavyosuguana, ukavilinda hata oili ilipopungua. R-134a haina hisani hiyo, kwa hiyo kompresa iliyozoea kusamehewa hukutana ghafula na asiyesamehe.

Magari yaliyozaliwa na R-134a hutumia oili iitwayo PAG, iliyo bora kwa kazi hiyo, lakini katika gari lililogeuzwa ina aibu mbili: hunywa unyevu wa hewa kwa pupa, na haivumilii masalio ya klorini wala oili ya zamani yaliyojificha mabombani. Kwa sababu hiyo wanaoijua kazi hupendelea oili ya esta, ambayo hupatana na gesi mpya na huvumilia mabaki ya ile ya kale. Mabaki yenyewe hayana budi kupunguzwa kadiri iwezekanavyo, kwa kuosha evapareta, kondensa na mabomba kwa dawa ya kuoshea ya kazi hiyo, kisha kuyapuliza kwa naitrojeni kavu mpaka yasitoe hata tone. Kompresa na draya haviingizwi dawa hiyo. Na oili ipimwe kwa kiasi alichosema mtengenezaji wa kompresa, isizidi, kwani oili iliyozidi huganda katika kuta za ndani za kondensa na evapareta ikazuia joto kupita, na baridi ikapungua kwa sababu ya ukarimu wa fundi.

Draya hubadilishwa bila mjadala. Punje zake za kunyonya unyevu, katika magari ya R-12, ni za aina isiyopatana na gesi mpya, na hata zingepatana, draya iliyokaa katika gari miaka thelathini, pengine mabomba yakiwa wazi kwa miezi, imekwisha kunywa maji yote iliyoweza kuyanywa. Mipira mirefu ya gesi, kinyume cha yanayosemwa, si lazima itupwe ikiwa bado ni mizima: ni kweli kwamba chembe za R-134a ni ndogo na hupenya mpira wa kawaida, ndiyo maana mipira mipya ina bitana ya nailoni ndani yake, lakini mpira uliolowa oili ya kale kwa miaka mingi aghalabu huwa umejiziba wenyewe. Uliopasuka au kuvimba ubadilishwe, mwingine uachwe. Valvu ya ekspansheni nayo mara nyingi huachwa ikafanya kazi ya kuridhisha.

Hufuata kufunga vichwa vipya mahali pa kujazia gesi. Vichwa vya R-12 vilikuwa vya kukaza kwa nati; vya R-134a ni vya kubana haraka, vya milimita 13 upande wa shinikizo dogo na milimita 16 upande wa shinikizo kubwa, ili geji ya gesi moja isiweze kushika gari la gesi nyingine hata fundi akiwa na usingizi. Vipo vichwa vya kigeuzi vinavyokazwa juu ya vile vya zamani, na si ghali. Manufaa yake si urembo: R-12 na R-134a zikichanganywa hata kidogo hufanya mchanganyiko wenye shinikizo kubwa kuliko la kila moja peke yake, usiotenganishika kwa mashine ya gereji, na anayeunyonya kwa mashine yake huiharibu gesi yote iliyomo mtungini. Hapo hapo, ikiwa gari halina swichi ya kuikata kompresa shinikizo lipandapo kupita kiasi, itiwe. Magari mengi ya zamani yalitegemea valvu ya kupumulia, ambayo ikizidiwa hufunguka na kuimwaga gesi yote barabarani.

Mtambo ukiisha kufungwa hujaribiwa kwa naitrojeni, viungo vikapakwa povu la sabuni. Upepo wa kujazia matairi usitumike kamwe, kwa sababu una maji, na kwa sababu R-134a, ambayo haiwaki katika hewa ya kawaida, yaweza kuwaka ikichanganywa na hewa chini ya shinikizo kubwa. Kisha huja hatua ambayo ndiyo huibwa zaidi kuliko zote, kwa kuwa mwenye gari haioni: kunyonya hewa yote kwa pampu ya vakyumu. Wengi hudhani pampu hiyo inaondoa hewa tu. Kazi yake kubwa ni kuondoa maji, kwani katika nyuzi 30 za joto maji huchemka yenyewe shinikizo likishushwa hadi sehemu moja hivi kati ya 24 ya lile la kawaida, yakageuka mvuke na kuvutwa nje. Yakiachwa ndani, huganda barafu kwenye tundu la valvu ya ekspansheni, kiyoyozi kikapoza na kuacha, kikapoza na kuacha. Na polepole huzaa asidi inayokula vyuma. Pwani, ambako hewa yenyewe imelowa, pampu isizimwe kabla ya nusu saa, na saa nzima ni bora. Kisha hufungwa na geji ikatazamwa kama sindano imetulia pale pale. Sindano ikipanda, pana tundu. Kompresa ya jokofu bovu iliyogeuzwa pampu, ambayo nimeiona katika gereji zaidi ya moja, hunyonya hewa, lakini aghalabu haifiki chini kiasi cha kuyachemsha maji.

Gesi hupimwa kwa mizani. Kawaida ya mageuzi ni kutia kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa katika kibandiko cha gari, kwa hiyo gari lililochukua kilo moja lianze na gramu 800, liongezwe kwa tahadhari huku geji na kipimajoto vikitazamwa. Mafundi wa zamani walikuwa na njia yao, nayo ilikuwa sahihi kwa zama zao: draya nyingi zilikuwa na kijioo juu yake, wakajaza R-12 mpaka mapovu yakatoweka. Njia hiyo kwa R-134a ni upotofu, maana ndani ya kijioo hicho gesi mpya huonekana na ukungu au mapovu hata ikiwa imetimia, na anayengoja iwe safi huwa amekwisha kuzidisha, na shinikizo, ambalo tumeona jinsi lisivyohitaji kusukumwa, likapanda juu zaidi.

Hapa ndipo penye fitina kubwa ya pwani. Kondensa za magari ya R-12 aghalabu zilikuwa bomba moja refu la mviringo lililokunjwa kunjwa, nazo zilitosha kwa gesi yake. R-134a hutaka kondensa yenye uwezo zaidi wa kutupa joto, ya yale mabomba bapa mengi yanayopita sambamba. Katika gari linalokimbia njia ya Bagamoyo upepo hulipa deni hilo. Katika foleni hapana upepo, na feni ya injini, hasa ile ya zamani ambayo klachi yake imechoka, huvuta hewa ya kukidhi rejeta tu. Kama fedha ni za kitu kimoja tu zaidi ya yale ya lazima, basi ziwe za feni ya umeme mbele ya kondensa. Na zikiwa za viwili, kondensa ya mabomba bapa inayoenea mahali pa ile ya kwanza. Nimewaona watu wakinunua kompresa ya pili na ya tatu wakikimbia gharama ya feni. Lisilo na gharama hata kidogo ni kuiosha kondensa vumbi na wadudu, na kurudishia sponji zilizokuwa zikiziba mwanya kati yake na rejeta, ambazo mafundi wa zamani walizing’oa wakazitupa.

Wapo watakaokuambia kwamba taabu yote hii yaweza kuepukwa kwa kutia gesi ya kupikia. Insafu yanilazimu niseme kwamba kwa upande wa kupoza hawasemi uongo: propani na butani hupoza vizuri sana, hupatana na oili ya kale, na zikichanganywa kwa kipimo shinikizo lao hukaribia la R-12. Lakini evapareta imo ndani ya chumba wanamoketi watoto, nayo ikivuja hujaza chumba hicho gesi inayongoja cheche ya swichi moja. Marekani imekataza kabisa kuigeuza R-12 ya magari kwa gesi za namna hiyo. Na gesi ya mtungi wa jikoni hata kipimo haina, wala haikukaushwa kwa kazi hii. Karibu na hatari hiyo pana nyingine yenye sura ya uhalali, nayo ni R-134a ya ghushi. Mwaka 2011, huko Vietnam na Brazil, makontena ya baridi yalilipuka na watu wakafa. Ikabainika kwamba mitambo yake ilikuwa imetiwa gesi iliyochanganywa methili kloridi, ambayo ikikutana na alumini huzaa kemikali iwakayo yenyewe ikigusana na hewa. Methili kloridi ni ile ile sumu ya majokofu ya kwanza ambayo Midgley alitumwa kuifukuza, na imerudi kwa mlango wa nyuma ndani ya mtungi wa samawati wenye kibandiko kizuri. Mtungi unaouzwa kwa nusu ya bei ya mwingine una sababu yake.

R-134a nayo siku zake zimehesabiwa, ingawa si kwa kosa la ozoni. Uzito kwa uzito, hulifunga joto la dunia mara 1,430 kuliko hewa ya kaboni kwa kipindi cha miaka mia, na tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali yakakubaliana kuipunguza pamoja na jamaa zake. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuamua kwamba magari yote mapya, tangu mwaka 2017, yasiwe nayo, na gesi iliyochukua nafasi yake katika mengi ya magari hayo ni R-1234yf. Msomaji mwenye W123 asiharakishe kuirukia hiyo ya tatu. Ni ghali mno, huwaka kwa kiasi, na iliundiwa mitambo yenye hadhari ambazo gari lake halina. Kupunguzwa si kukatazwa, na magari yanayotumia R-134a ni mengi mno katika bara hili hata gesi yake iadimike kesho.

Kazi ikiisha, fundi mwema hubandika kibandiko mahali paonekanapo chini ya boneti, kikitaja gesi iliyomo na uzito wake, oili iliyotiwa na kiasi chake, na tarehe. Kwa hiyo anayekwenda kununua gari kuukuu, akaambiwa kwamba kiyoyozi chake kimekwisha kugeuzwa, na aombe boneti ifunguliwe. Kama vichwa vya kujazia ni vile vile vya nati, na kibandiko hakipo, na muuzaji hajui ni oili gani iliyomo, basi baridi anayoisikia usoni ni ya muda, na mapatano ya bei yaanze kwa kutoa thamani ya kompresa mpya.